Udhibiti wa asili si ndoo ya mwarobaini

Masika yakiisha na mikorosho ikaanza kutoa machipukizi mapya, maneno haya nayo huchipua: kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, kwa kijana aliyetoka semina juzi. "Sisi tunatumia udhibiti wa asili." Ukiuliza kivipi, unaonyeshwa ndoo. Ndani yake kuna majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa, pengine na pilipili, na sabuni kidogo ili ishike vizuri kwenye majani.

Hiyo ni dawa. Imetoka kwenye mti badala ya kiwandani, basi.

Udhibiti wa asili ni pale wadudu waharibifu wanapoliwa, kuuawa au kufukuzwa na viumbe wengine wanaoishi shambani na kandokando yake, kwa sababu wamepata pa kukaa, pa kuzalia na cha kula. Buibui, vunjajungu, nyigu, mijusi, ndege, popo, kila mmoja na zamu yake. Kazi ya mkulima ni kutowabomolea, na akiweza kuwaongezea makazi. Maana yenyewe ni hiyo, wala haina mambo mengi. Tabu ni kuichanganya na ndoo.

Utupa, kwa mfano, wengi wanaujua kwa kuvulia samaki: majani hupondwa, hutiwa kwenye dimbwi, samaki wanaelea. Ni mmea wa asili kabisa, na sumu yake haichagui. Pareto nayo ni ua, lakini humwangusha nyuki sawasawa na anavyoanguka mbu. Mwarobaini una huruma zaidi, maana humpata hasa mdudu anayekula jani lililopuliziwa. Mdudu huyo hukosa hamu ya kula, na aliye bado mchanga hushindwa kujivua gamba. Sina ugomvi nao. Lakini jua la hapa likiwaka siku chache nguvu yake inakwisha, na unarudi tena na bomba. Mjusi hapulizwi upya kila wiki.

Kwa sisi wa Mtwara na Lindi mfano ulio karibu zaidi uko juu ya mkorosho, nao ni maji moto, wale sisimizi wekundu ambao ukiegemea tawi lao unajua kwa nini wanaitwa hivyo. Wasimamie siku moja wakijenga. Wanajipanga kwenye ukingo wa jani na kulivuta kuelekea jani jirani. Likiwa mbali, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na huyo anashikwa na wa nyuma, mpaka mnyororo ufike. Kisha wengine wanakuja na watoto wao midomoni, wale mabuu meupe, na kuwapitisha huku na huku kwenye mpasuko. Buu anatoa uzi wa hariri, majani yanashonwa. Wakubwa hawana uzi. Wanaoshona ni watoto.

Jeshi hilo likitamalaki juu ya mti, mbu wa mikorosho hapati raha. Huyu si mbu, ni mdudu mfyonzaji mwembamba mwenye kijiti kilichosimama mgongoni kama pini. Anachoma chipukizi na shada la maua, pale alipochoma panabaki kidonda cheusi kirefu, na ncha ya tawi inakauka. Yuko pia kunguni anayefyonza korosho changa na kuacha madoa kwenye punje. Kunguni huyo ndiye adui wa minazi Zanzibar, ambako miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alionyesha jinsi maji moto wanavyomzuia. Mdudu mwenyewe kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi, jina la huyo mtafiti. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, nacho kimewafanyia utafiti maji moto kwenye mikorosho. Hili si jambo la kuja na mfadhili mwaka jana.

Sasa yule mwenye ndoo hufanya nini? Kabla ya kupuliza "udhibiti wa asili" anapita na mwenge kuchoma viota vya maji moto, asije akaumwa.

Nakubali wanauma. Wakati wa kupogoa ni adha tupu, na kwenye mwembe unaokwewa kuchumwa sitamlaumu mtu. Lakini korosho haichumwi juu, inaokotwa chini ikishadondoka na bibo lake. Tena wana kasoro nyingine isiyosemwa: huwafuga vidukari na wenzao kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. Viumbe hawa hawakuajiriwa na sisi, wana shughuli zao.

Hapo ndipo mazingira yanapoingia, na ndiyo sehemu ya dhana inayosahaulika kabisa. Ukipita Tandahimba na Newala unaona mikorosho mitupu, na sifa ya mkulima hodari ni shamba lililofagiliwa mpaka udongo unang'aa. Kufyeka chini ya mti ili uokote korosho ni sawa. Kufyeka mpaka mpakani, kung'oa kichaka cha mwisho na kuchoma moto juu yake ni jambo jingine. Kuna nyigu wadogo sana, hata huwezi kuwaona vizuri, wanaotaga mayai yao ndani ya mayai ya wadudu wengine. Wakikua wanakunywa nekta, na nekta hiyo wanaipata kwenye maua ya pembeni, hata kwenye kishonanguo kinachokuudhi kwenye suruali. Ukiondoa maua hayo umewanyima chakula, nao hawatakaa kukusubiri mkorosho utoe maua.

Ila si kila mchanganyiko unafaa. Mpera katikati ya mikorosho unamlisha mbu wa mikorosho msimu ambao mkorosho hauna machipukizi. Mwembe ni nyumba nzuri ya maji moto, na papo hapo ni chakula cha wale wafyonzaji. Anayesema "panda chochote, asili itajipanga" naye hajaelewa, ingawa huyo ananiudhi kidogo tu.

Wapo pia wanaotoa mfano wa kidung'ata au kimatira, mdudu anayeharibu mihogo. Kimatira aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970 akaangamiza mashamba, na aliyemshusha ni nyigu mdogo aliyefuatwa huko huko, Paraguay, akaachiwa barani kuanzia 1981. Ni habari njema, lakini ile ni kazi ya kumleta adui kutoka nje, inayohitaji maabara, karantini na serikali. Mtu wa Nanyamba hawezi kuifanya kwake kwa kuacha kichaka.

Na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, usiutie humu. Ule ni ukungu. Hakuna sisimizi anayekula ukungu ule kwenye maua yako, na salfa bado ina kazi yake.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye ndoo, endelea kutwanga mwarobaini wako, ila uuite dawa ya mimea. Kabla ya kupuliza, inua macho kwenye kila mti. Kiota chenye majani ya kijani kina wenyewe. Kilichokauka na kuwa cha kahawia huenda kimehamwa, gonga tawi uone kama wanatoka. Mti wenye viota hai vingi na machipukizi yasiyo na vidonda uruke, nenda unaofuata. Ule uliouruka ndio wenye udhibiti wa asili.