Kuku wa Araucana na mayai yake ya bluu: dhana potofu na ukweli

Araucana ni kuku wa urembo mwenye asili ya Chile, adimu hata kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Tetea ana kilo 1.8 hivi na akitunzwa vizuri hutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Kwa mfugaji wa Arusha au Moshi anayemtaka, maneno ya mtaani yanaweza kumgharimu kuliko bei ya kuku mwenyewe.

“Yai la bluu ni dawa ya presha, halina kolesteroli.”
Si kweli. Bluu ni rangi ya ganda tu, inayotokana na biliverdini, kemikali ya rangi inayotengenezwa mwilini mwa kuku. Ute na kiini ni vilevile. Ukitaka kiini cha njano iliyokolea, wape mchicha na mahindi ya njano.

“Hayo mayai yamepakwa rangi.”
Mengine kweli hupakwa, ila kupima ni rahisi. Vunja yai moja, bandua utando mweupe wa ndani, tazama ganda. La Araucana ni bluu nje na ndani, kwa sababu rangi huingia ganda linapojengwa. Lililopakwa ni jeupe ndani. Pima kabla ya kulipia trei.

“Anayetaga bluu au kijani ni Araucana halisi.”
Jeni ya bluu ina nguvu. Nakala moja, yaani kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha. Jogoo wa Araucana akimpanda tetea wa mayai ya kahawia, mabinti hutaga kijani: kahawia hupakwa juu ya bluu mwishoni. Hao ni chotara. Kwa kiwango cha Marekani, kilichokubaliwa 1976, Araucana hana mkia na ana vishungi vya manyoya karibu na masikio. Kwa Waingereza hukubalika pia mwenye mkia. Muulize muuzaji anafuata kiwango kipi.

“Jogoo hahusiki na rangi ya yai.”
Anahusika nusu kwa nusu. Mpandishe kwa matetea wa mayai meupe: mabinti 6 wakitaga bluu wote, karibu hakika ana nakala mbili za jeni ya bluu. Akiwa na moja, nusu tu ya mabinti ndio hutaga bluu.

“Jozi bora ni jogoo na tetea wote wenye vishungi.”
Hapa ndipo vifaranga vingi hupotea. Kiinitete kinachorithi jeni ya vishungi kutoka kwa baba na mama hufia ndani ya yai, mara nyingi siku za mwisho kabla ya kuanguliwa. Kwa mayai 24 yenye mbegu, tarajia kupoteza 6 kwa sababu hiyo pekee, hata mashine ya kutotolesha ikikaa sawasawa kwenye nyuzi 37.5. Mfugaji hulaumu umeme uliokatika au baridi ya Julai, anabadilisha mashine, na hasara inajirudia. Panga jozi hivi: mmoja mwenye vishungi, mwenzake uso mtupu. Nusu ya vifaranga watapata vishungi. Hata nakala moja hupunguza kidogo uanguaji, basi usihesabu vifaranga mapema.

Umeme ukikatika, usifungue mashine. Ifunike kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi.

“Mayai hayana mbegu kwa sababu jogoo ni mvivu.”
Mchunguze nyuma kwanza. Kwa kuku asiye na mkia, manyoya huziba njia ya haja na mbegu haziingii. Punguza kwa mkasi manyoya ya jogoo na tetea kuzunguka hapo kabla ya kuwapandisha, bila kugusa manyoya machanga yenye damu. Baki pia na wachache wenye mkia katika kundi.

“Ni mgumu, hahitaji chanjo.”
Ugonjwa wa mdondo (kideri) hauchagui. Mpe tone moja la chanjo ya I-2 jichoni kila baada ya miezi 3, kama kuku wengine wote.

“Bluu ikififia kuku anaumwa.”
Kufifia kadiri utagaji unavyosonga ni kawaida. Baada ya kunyonyoka manyoya na kupumzika, rangi hurudi. Ganda likiwa jembamba pia, hiyo ni habari nyingine: weka chokaa ya mifugo au magamba ya konokono yaliyopondwa kwenye chombo chake, kando na chakula, kila tetea ajichukulie anachohitaji.