Mikono mitupu ya nani?

Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha fasihi kidato cha tano aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza Robinson Crusoe. Si kibaya, ila sikuona ajabu yake. Mtu yuko kisiwani na mikono mitupu, halafu orodha, orodha, orodha."

Marahaba. Kutovutiwa ni haki yako, na hata mimi zipo kurasa zinazonisinzisha. Daniel Defoe, Mwingereza aliyeiandika riwaya hii, hakugawa sura, basi huna hata pa kupumzikia. Lakini hiyo "mikono mitupu" nimeisikia mara nyingi mno.

Merikebu aliyosafiria Crusoe, mhusika mkuu, imekwama jirani na ufuo, naye anaiendea mara 12. Anateremsha bunduki, baruti, ramu, jibini, matanga, kamba, sanduku zima la seremala, kalamu, wino, na Biblia tatu. Paka wawili na mbwa wako naye. Mimi nimehamia nyumba za kupanga na vichache kuliko hivyo. (Na usiniletee kile kichekesho kwamba alivua nguo, akaogelea, kisha akajaza biskuti mifukoni. Soma aya chache mbele: alibaki na suruali.)

Wala si kisa cha kweli cha Alexander Selkirk, baharia Mskoti ambaye watu husema ndiye Crusoe. Huyo aliachwa Pasifiki miaka minne na ushei. Crusoe yuko Atlantiki, karibu na mlango wa mto Orinoco wa Amerika Kusini, miaka 28. Tuendelee.

Orodha sasa. Ukizisoma ukisubiri chui atokee kichakani, utachoka. Zisome kama daftari la mwenye duka. Defoe alikuwa mfanyabiashara, alifilisika mwaka 1692, na riwaya hii aliitoa 1719 akiwa mtu mzima aliyekwishajua deni linavyomkosesha mtu usingizi. Ndiyo maana Crusoe anapotaka kujifariji anapiga mstari katikati ya karatasi: mabaya huku, mema kule, kama anayekokotoa anachodai na anachodaiwa. Kila kitu anakihesabu kwa siku. Ubao mmoja wa rafu, siku 42. Vyombo viwili vya udongo, kama miezi miwili, na mwenyewe anaona haya kuviita mitungi. Anaangusha mwerezi, anauchonga mtumbwi mkubwa kwa miezi, ndipo anagundua kwamba maji yako kama yadi 100 na hana wa kuuburuta naye. Mchonga mitumbwi wa pwani yetu angecheka mpaka alie.

Huyo ndiye hodari wa mikono mitupu? Kitabu kinauliza jambo jingine kabisa: kazi ina bei gani pale ambapo huna wa kumtwika? Sasa kumbuka alikuwa anakwenda wapi merikebu ilipovunjika Septemba 1659. Alikuwa anatoka Brazili kwenda Guinea, pwani ya Afrika Magharibi, kuchukua watumwa wa mashamba, yake na ya majirani zake. Mtu aliyefuata kazi ya bure anatua mahali ambapo kila ubao anauchonga mwenyewe. Wanafunzi wangu wengi hawaikumbuki safari hiyo. Hawamkumbuki hata Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani Morocco, ambaye Crusoe alimuuza kwa reale 60 akaja kumjutia shamba lilipokosa mikono.

Halafu anakuja mtu anayeitwa Ijumaa, mateka ambaye Crusoe anamwokoa asiliwe na walomteka. Kwetu hilo halishtui, tuna kina Juma kila mtaa. Lakini Juma wetu kapewa jina na wazazi wake. Huyu hakuulizwa kama tayari ana jina. Anaambiwa kwamba yeye ni Ijumaa, na yule mwingine aitwe Bwana.

Hapa sina uhakika, nami nimefundisha kitabu hiki miaka mingi. Je, Defoe anamcheka mtu wake, au anampigia makofi? Crusoe anatubu kurasa kwa kurasa kwa kumuasi baba yake, lakini biashara ya watu haimo kwenye toba hiyo. Na mwishoni anajikuta na zaidi ya pauni 5,000, pamoja na shamba linalomwingizia pauni 1,000 na zaidi kwa mwaka. Siku nyingine naona kejeli kali. Siku nyingine naona mwandishi aliyefurahi tu kwamba hesabu imetoka vizuri. Darasani huwa nasema kejeli, kwa sababu mtihani unataka jibu.

Kwa hiyo, kijana wangu, rudi mahali pamoja tu. Crusoe kalala, kachoka, baada ya bahari kutaka kumpeleka mbali na kisiwa akiwa ndani ya mtumbwi wake mdogo. Anazinduka kwa sauti inayomwita kwa jina: Robin Crusoe, uko wapi? Umekuwa wapi? Anaruka kwa hofu. Ni kasuku wake, anarudia maneno aliyofundishwa na Crusoe mwenyewe. Kama hapo napo hukusikia kitu, basi sina neno.