Je, kunyoa kunazidisha nywele?

Kijana anayeanza kuota ndevu huonywa mapema: ukishazigusa kwa wembe tu, basi, zitakuja nyingi na ngumu. Mama mwenye mtoto mchanga naye huambiwa: mnyoe, zije nyeusi na za kujaa. Imani ni ileile. Mmoja anaiogopa, mwingine anaitamani.

Unywele unaouona juu ya ngozi hauna uhai. Ni keratini, protini ngumu kama ya kucha, ndiyo maana kuukata hakuumi ila kuung'oa kunauma. Penye uhai ni kwenye shina, ndani ya kifuko kidogo chini ya ngozi, ambako chembe hai huzaliana na kuusukuma unywele utoke nje. Wembe haufiki huko. Shina halina habari kabisa na yanayotokea juu.

Mbona basi siku ya pili kidevu kinakwaruza? Unywele ambao haujawahi kukatwa huchongoka nchani kama jani la nyasi. Wembe hukata chini zaidi, penye unene, ukabakiza kisiki chenye kichwa bapa. Unywele mfupi pia haulali, husimama wima, kwa hiyo mkono unakutana na visiki vitupu. Tena unywele mpya haujapaushwa na jua wala sabuni, ukaonekana mweusi zaidi.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1928 mwanaanatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha utafiti kuhusu wanaume waliokuwa wakinyoa ndevu, na hakuona kwamba wembe uliziongezea kasi wala unene. Mwaka 1970 ukatoka mwingine: vijana watano walinyolewa mguu mmoja kila wiki kwa miezi kadhaa, wa pili ukaachwa. Uzito, upana na kasi ya nywele havikutofautiana.

Wembe unasingiziwa kwa sababu hukutwa pale pale mambo yanapobadilika. Kijana huanza kunyoa wakati homoni zinageuza malaika, vile vinywele laini, kuwa ndevu kamili. Hata angeziacha, zingejaa. Mtoto naye, nywele alizozaliwa nazo hupukutika zenyewe katika miezi ya mwanzo, na zinazofuata huwa za namna nyingine, awe amenyolewa au la. (Waislamu wanaomnyoa mtoto siku ya saba wanafuata sunna, na madini ya fedha yenye uzito sawa na nywele hizo, au thamani yake, hutolewa sadaka; hilo halihusiani na kujaza nywele.) Mwenye upara ningemwambia hivyohivyo: kunyoa hakurudishi kilichokwenda.

Ila wembe una kosa lake halisi, nalo ni vipele. Nywele zetu za kipilipili hujikunja, na ncha iliyokatwa kwa mshazari hurudi kuichoma ngozi, hasa shingoni. Anayesumbuliwa hivyo afadhali apitishe mashine na kuacha ndevu fupi, asizikwangue hadi kwenye ngozi.