Metali iliyoyeyuka hupimwaje bila chombo?

Fundi wa kusubu anayetaka kujua kama metali itajaza kila pembe ya kalibu kabla haijaganda anahitaji namba tatu: densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo), mvutano wa uso (nguvu inayokaza uso wa kimiminika) na mnato (uzito wa kutiririka). Taabu huanzia kwenye chombo. Metali ya zirkoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,855 za Selsiasi, na ikishayeyuka hushambulia karibu kila chungu unachoitilia. Chungu kikianza kulika, unachopima si zirkoni tupu tena. Vipimo vingi vya zamani viliharibika kwa namna hiyo.

Dawa yake ni kuacha chombo kabisa. Kipande chenye kipenyo cha milimita 2 hivi hupewa chaji, kikaelea kati ya elektrodi (vipande vya metali vyenye volti) ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Umeme tuli wenyewe hauwezi kukituliza, hivyo kompyuta hufuatilia kilipo na kurekebisha volti mamia ya mara kwa sekunde. Kisha leza hukiyeyusha.

Uzito wa tone unajulikana na ujazo wake unasomwa kwenye picha, kwa hiyo densiti imepatikana. Halafu umeme hutikiswa kidogo: tone linarefuka, linabonyea, linarefuka tena, zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mwaka 1879 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alionyesha jinsi kasi ya mtikisiko wa namna hiyo inavyofungamana na mvutano wa uso. Mtikisiko ukiachwa ufifie wenyewe, kadiri unavyofifia upesi ndivyo mnato ulivyo mkubwa. Tone moja, namba zote tatu! Kwangu hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote katika fani yetu.

Joto hupimwa kwa mwanga wa tone, na tone lenyewe hutusaidia kusahihisha kipimo. Leza ikizimwa, zirkoni hupoa hata nyuzi 200 chini ya kiwango chake cha kuyeyuka ikiwa bado kimiminika. Ghafla huanza kuganda, joto lililofichika (lile ambalo kimiminika hutoa kinapoganda) hutoka, na tone huwaka upya likirudi kwenye nyuzi 1,855. Mmweko huo ndio alama yetu.

Oksaidi, yaani metali zilizoungana na oksijeni, ni ngumu zaidi kupima, maana hazishiki chaji vizuri. Japani imeweka tanuri la aina hii katika maabara ya Kibo, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambako nguvu ndogo tu hutosha kuelesha tone. Huko hata oksaidi ya zirkoni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 2,700 hivi, hupimika. Ajali ya Fukushima ya 2011 iliyeyusha fueli ya vinu vitatu pamoja na zirkoni iliyoifunika, na wanaokadiria mchanganyiko huo ulitiririkia wapi wanahitaji mnato wa oksaidi kama hizi.