Je, wajua kwa nini aliyeacha pombe hukosa usingizi?

Mtu ameamua. Chupa ya mwisho kaimwaga kwenye sinki, kaoga, kapanda kitandani mapema huku akijipongeza. Saa sita usiku inafika, macho makavu. Saa saba anageuza mto apate upande wa baridi. Saa nane shuka limelowa jasho na moyo unamdunda kana kwamba ametoka kupanda ngazi mbio. Kunapambazuka hajapata hata lepe la usingizi, na swali linalomkaa kichwani ni la haki kabisa: nilipokuwa nakunywa nililala kama pono, sasa nimeacha, mbona ndiyo kwanza usingizi umenikimbia?

Tuanze na hilo la kulala kama pono. Kiswahili cha mitaani kililijua jambo hili bila maabara: mtu aliyelewa chakari hatusemi amelala, tunasema amezima. Na tofauti ipo kweli.

Mtu anapokaa macho mchana kutwa, ubongoni mwake hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Pombe huipandisha kwa mkupuo. Ndiyo maana mnywaji husinzia haraka, hata akiwa kwenye kiti. Saa za mwanzo anazama kwenye usingizi mzito, pengine mzito kuliko wa asiyekunywa, na mtu akimtazama pale atasema pombe ni dawa nzuri ya usingizi. Atazame tena alfajiri.

Ini la mtu mzima huondoa pombe kwa mwendo wa takriban kipimo kimoja kwa saa, yaani kama bia moja ndogo au glasi moja ya mvinyo. Aliyepanda kitandani saa tano usiku akiwa na vipimo vinne mwilini atakuwa amevimaliza kwenye saa tisa. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Adenosini iliyopandishwa kwa haraka imeshashuka, ubongo uliokuwa umekandamizwa unainuka kwa nguvu, na kilichobaki cha usiku ni mang'amung'amu: analala, anashtuka, anageuka, anasikia kila mlio. Kibofu nacho kimejaa, kwa sababu pombe huzuia homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji. Koo lililolegea limemfanya akorome, na kwa wengine pumzi hukatika kabisa kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kwa usiku mmoja. Asubuhi hakumbuki nusu ya hayo. Anakumbuka tu kwamba alipoweka kichwa kwenye mto alilala, na hilo ndilo analolisimulia.

Sasa, hayo ni ya usiku mmoja. Anayekunywa kila siku kwa miezi au miaka ana jambo la ziada, na hapa ndipo penye jibu la swali letu.

Ubongo hujiendesha kwa kemikali zinazovutana kama watu kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Upande mmoja kuna gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza. Upande wa pili kuna glutameti, ambayo huchangamsha. Pombe huingia uwanjani na kushika kamba upande wa gaba, na wakati huohuo huwafunga mikono wa upande wa glutameti. Mnywaji anahisi utulivu. Ikiwa ni leo tu, kesho mchezo unarudi sawa. Ila ikija kila jioni, ubongo unajirekebisha: unapunguza usikivu wake kwa gaba, maana msaidizi yupo, na unaongeza nguvu upande wa glutameti ili kamba isiende upande mmoja. Kwa njia hiyo mtu anakunywa kiasi kilichomlewesha zamani na bado anazungumza vizuri.

Kisha siku moja pombe inaachia kamba. Gaba imebaki peke yake, imedhoofu. Glutameti ina jeshi. Kila kitu kinaburutwa upande wa kuchangamka: moyo, jasho, mikono inayotetemeka, mawazo yasiyotulia. Usingizi, ambao unahitaji ubongo ukubali kushuka, ndio wa kwanza kuondoka. Hizo ndizo siku ambazo watu wa mitaani huziita arosto.

Hapa lazima nisimame kidogo. Kwa aliyekuwa anakunywa sana kila siku, kuacha ghafla akiwa peke yake chumbani kunaweza kuua. Mtetemeko na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege, likitokea, kwa kawaida hutokea ndani ya saa 48. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wachache hupatwa na hali mbaya kuliko zote: homa, kuweweseka, kuona maruweruwe, kutojua walipo. Daktari Mwingereza Thomas Sutton aliielezea hali hii mwaka 1813 na kuipa jina la Kilatini linalotumika hospitalini hadi leo, delirium tremens. Anayeamka akitetemeka mpaka apate kinywaji cha kwanza amwone mtabibu kabla ya kuacha. Kuna dawa za kuishusha ile kamba polepole, na kuna vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo na kukosekana kwake huharibu ubongo.

Turudi kitandani. Usiku wa tatu, wa nne, wa tano, usingizi unaanza kuja, lakini unakuja na wageni: ndoto. Ndoto nyingi, za rangi kali, zenye watu waliokufa na nyumba za utotoni, na jinamizi la kumfanya mtu aogope kufumba macho. Wengine hudhani wamerogwa, wengine hudhani wanaanza kupata wazimu. Ni deni linalipwa.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika kwamba usiku kuna vipindi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na wakiamshwa wakati huo watu wengi husema walikuwa wanaota. Mtu mzima hutumia karibu robo ya usingizi wake katika hali hiyo, na sehemu kubwa huangukia saa za kuelekea alfajiri. Pombe hukibana kipindi hiki. Ubongo ulionyimwa usingizi wa ndoto usiku baada ya usiku haukubali kusamehe. Pombe ikiondoka, ndoto huja mapema kuliko kawaida na hukaa muda mrefu.

Iko moja ambayo walioacha huisimulia kwa sauti ya chini. Anaota kashika glasi. Barafu inagonga kioo, harufu anaijua, anameza na koo linaungua kidogo. Halafu anakumbuka kwamba aliacha, na aibu inamshukia kabla hajaamka. Anaketi kitandani gizani, anapumua kwenye kiganja chake na kukinusa. Hakuna kitu. Inachukua dakika kadhaa kuamini kwamba hakunywa. Ndoto hii ni ya kawaida sana kwa walioacha. Binafsi nisingeichukua kama ishara kwamba mtu atarudi chupani. Faraja anayoipata akigundua ni ndoto tu inasema mengi kuhusu anachokitaka.

Itachukua muda gani? Aliyekuwa akinywa glasi mbili tatu za jioni anaweza kusumbuka siku chache, na wiki mbili zikipita ashangae kuona anaamka kabla ya saa ya kumwamsha haijalia. Kukoroma kunapungua, safari za chooni zinapungua, mapigo ya moyo ya usiku yanashuka. Kwa aliyekunywa sana kwa miaka, wiki ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, kisha kulala kunakuwa rahisi kidogo kidogo. Kinachochelewa ni usingizi mzito, ule unaorudisha mwili. Vipimo vya mawimbi ya ubongo kwa waliokuwa wategemezi wa pombe vimeonyesha upungufu wake miezi mingi baada ya kuacha, kwa wengine zaidi ya mwaka. Umri nao unachangia, kwani usingizi mzito hupungua kadiri mtu anavyozeeka hata kama hajaonja pombe maishani.

Mtego wenyewe uko hapa. Mtu wa wiki ya tatu, amechoka, ana kikao asubuhi, anajiambia: glasi moja tu ya kunilaza. Na itamlaza. Hilo ndilo tatizo, kwamba usiku ule dawa itafanya kazi, kamba itavutwa tena upande wa zamani, na kesho yake usingizi utadai glasi ya pili. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayowarudisha watu kwenye kunywa, kwa hiyo anayemwambia mwenzake "vumilia tu, utalala ukichoka" anachukulia kwa wepesi jambo zito.

Vidonge vya usingizi navyo vinahitaji tahadhari, kwa kuwa baadhi yake hushika kamba ileile ya gaba. Vinaweza kuzoeleka kama pombe ilivyozoeleka, na vikichanganywa nayo vinaweza kuzima pumzi. Kinachopewa nafasi ya kwanza katika miongozo ya matabibu Marekani na Ulaya, kwa mtu ambaye kukosa usingizi kumekuwa sugu, ni tiba ya mazungumzo na mazoezi ya wiki kadhaa. Msingi wake ni rahisi kuusema na mgumu kuufanya. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala saa kumi alfajiri. Usiingie kitandani mpaka usinzie. Ukiona umelala macho wazi muda mrefu, toka, kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikuita. Lengo ni kitanda kisahau kwamba ni uwanja wa vita. Kahawa ya jioni, ambayo wengi huikimbilia ili mkono usikae mtupu, ibadilishwe. Nusu ya kafeini yake huwa bado mwilini saa 5 hivi baadaye.

Usingizi wenyewe hurudi bila kubisha hodi. Mara nyingi wa kwanza kuutambua ni anayelala ubavuni mwake, ambaye ghafla hasikii tena mikoromo. Mwenyewe anaamka saa tisa kama alivyozoea, anapapasa mto, anageukia ukutani, na kabla hajajiuliza ni saa ngapi, ameshaanza kuota tena.