Goli la ugenini: maana yake, na kwa nini Waalgeria wanaijua hesabu hii kuliko wengi

Usiku wa Juni 3, 2023, kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga walimfunga USM Alger ya Algeria bao 1-0 kwenye Uwanja wa Julai 5 jijini Algiers, na kombe likabaki hukohuko Algiers. Kesho yake kwenye vijiwe vya mashabiki wa Yanga mjadala ulikuwa mmoja. Sisi tumefungwa 2-1 kwetu, wao wamefungwa 1-0 kwao. Jumla mbili kwa mbili. Na sisi goli la ugenini tunalo, la Djuma Shaban kwa penalti dakika ya 7. Sasa hawa wametuzidi nini?

Wametuzidi goli moja tu, na ndilo lililofungwa Dar es Salaam.

Goli la ugenini ni kanuni ya kuamua mshindi pale timu mbili zinapokutana mara mbili, nyumbani na ugenini, halafu mabao ya mechi zote mbili yakijumlishwa yanalingana. Hapo ndipo linaulizwa swali la pili: kati yenu, nani kafunga mengi kwenye uwanja wa mwenzake? Aliyefunga mengi anasonga mbele, au kama ni fainali, anabeba kombe. Hapo nayo yakilingana, CAF, yaani shirikisho la soka la Afrika, haina habari ya dakika thelathini za nyongeza. Ni matuta, yaani mikwaju ya penalti, moja kwa moja.

Rudi sasa kwenye fainali ile ya Kombe la Shirikisho. Mei 28, kwa Mkapa, Dar es Salaam, Aymen Mahious aliifungia USM Alger dakika ya 32. Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82, uwanja ukalipuka. Watu hawajamaliza kukumbatiana, dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili. Ikawa 2-1. Wengi wanaikumbuka mechi ya Algiers, lakini kombe lilienda na lile goli la Merili. Laiti mechi ya kwanza ingeisha 1-1, ushindi wa 1-0 kule Algiers ungeipa Yanga jumla ya 2-1 na kombe bila ubishi wowote. Badala yake jumla ikawa 2-2, na hesabu ya ugenini ikasoma hivi: USM Alger mawili waliyofunga Dar, Yanga moja walilofunga Algiers. Msimu ule kila mtu alikuwa anaimba goli la Mama, kwa zile fedha ambazo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akitoa kwa kila bao. Goli la Mama lilipatikana mpaka Algiers. La pili la ugenini ndilo lililokosekana.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Miaka mitatu kabla ya hapo, kuanzia fainali za msimu wa 2019/20, CAF ilikuwa imeachana na fainali za mikondo miwili na kucheza mechi moja tu. Mikondo miwili ilirudi 2023. Fainali ile ingechezwa mwaka mmoja nyuma, ingekuwa ya mechi moja, na kanuni hii isingekuwa na pa kusimama.

Kabla ya kuendelea, tuondoe kosa moja. Utasikia mtu anasema "goli la ugenini linahesabika mawili." Halihesabiki mawili. Chukua mfano mwepesi: timu ya kwanza inashinda kwao 3-1, inafungwa ugenini 1-0. Jumla ni 3-2, imepita, mjadala umeisha. Ukilihesabu mara mbili lile goli moja la mgeni, ghafla utapata 3-3 na vurugu isiyo na sababu. Goli la ugenini ni goli la kawaida. Uzito wake unaonekana tu pale mizani inapokuwa sawa.

Kanuni yenyewe ilianzia Ulaya, msimu wa 1965/66, kwenye Kombe la Washindi. Kabla ya hapo, timu zikilingana zilikuwa zinacheza mechi ya tatu uwanja wa watu wengine, au mshindi anapatikana kwa kurusha sarafu. Nia ilikuwa kumtia mgeni moyo wa kushambulia badala ya kwenda kujazana golini na kuomba dua. Afrika sababu hiyo ilikuwa na maana zaidi. Fikiria safari, hali ya hewa, mashabiki, na mambo mengine ambayo wachezaji wa zamani huyasimulia kwa sauti ya chini. Mtu akitoka huko na goli, kweli amefanya kazi.

Sasa kwa nini Algeria? Kwa sababu ukizipitia klabu zake kwenye mashindano ya Afrika, utakuta karibu kila sura ya kanuni hii imo, ikiwabeba au ikiwaangusha.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa matuta. Mwaka 1976 MC Alger, klabu iliyoanzishwa 1921, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Ikafika fainali, na mbele yake wakawa Hafia ya Conakry, Guinea, mabingwa watetezi, Hafia ya kina Petit Sory na Chérif Souleymane. Kule Conakry MC Alger wakalala 3-0. Marudiano Algiers, Desemba, wakarudisha yote matatu, 3-0, kisha wakashinda kwa matuta 4-1. Hilo ndilo kombe la kwanza la Afrika kwa klabu ya Algeria. Itazame hesabu yake: MC Alger hawakufunga hata moja Guinea. Hafia wangepata goli moja tu Algiers, Waalgeria wangehitaji matano. Ile 3-0 haikuwa kazi ya washambuliaji peke yao. Kipa na mabeki wake nao walikesha.

Makombe yaliyofuata hayakuhitaji kalamu na karatasi sana. JS Kabylie ya Tizi Ouzou, ambayo wakati huo iliitwa JE Tizi Ouzou kwa sababu serikali ilikuwa imezikabidhi klabu kwa mashirika ya umma, iliichapa AS Vita ya Kinshasa 4-0 na 1-0 mwaka 1981. ES Sétif walitwaa 1988 kwa kugeuza 0-1 ya Iwuanyanwu Nationale ya Nigeria kuwa 4-0 kule Constantine, na mwaka huohuo nyumbani walikuwa wameshuka daraja. Ndiyo, bingwa wa Afrika akiwa daraja la pili. JS Kabylie wakarudi tena 1990 na kuitoa Nkana ya Zambia kwa matuta, baada ya 1-0 kila mtu kwake. Hiyo 1-0 kwa 1-0 ndiyo sura safi kabisa ya mizani iliyogoma: jumla sawa, na ugenini hakuna aliyefunga.

Kwenye fainali, kanuni ilianza kuwalipa Waalgeria mwaka 2000. Lilikuwapo Kombe la CAF, ambalo baadaye lilimezwa na Kombe la Shirikisho la sasa. JS Kabylie walitoka 1-1 na Ismaily huko Misri, kisha 0-0 Algiers. Wakatwaa kombe bila kushinda mechi yoyote ya fainali. Mwaka uliofuata wakafungwa 2-1 na Étoile du Sahel mjini Sousse, Tunisia, wakashinda 1-0 nyumbani. Kombe la pili mfululizo, tena kwa goli la ugenini. La tatu, 2002, walimaliza mapema kwa kuipiga Tonnerre ya Yaoundé 4-0. Kipigo cha 2-1 ugenini kwa hiyo si msiba. Kocha anayeijua kazi yake anarudi nyumbani na kipigo hicho akiwa na amani kuliko aliyetoka sare ya 1-1 kwake mwenyewe.

Lakini ukitaka somo lote mahali pamoja, nenda 2014, kwa ES Sétif wa kocha Kheïreddine Madoui. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa waliifunga TP Mazembe 2-1 nyumbani, wakaenda Lubumbashi wakafungwa 3-2. Jumla 4-4, Sétif mawili ugenini, Mazembe moja. Wamepita. Fainali mkondo wa kwanza, Kinshasa, sare ya 2-2 na AS Vita ya Florent Ibenge. Marudiano yakachezwa Blida, Novemba 1, siku Algeria ilipokuwa ikiadhimisha miaka 60 tangu vita vya ukombozi vilipoanza.

Kaa hapo Blida kidogo. Sétif wana mawili ya Kinshasa mfukoni, kwa hiyo 0-0 inawatosha, na 1-1 inawatosha. Sare ya 2-2 ni matuta. Sare ya 3-3, kombe linapanda ndege kwenda Kinshasa. Dakika ya 49 Sofiane Younès anafunga, uwanja unatulia moyo. Dakika ya 54 Lema Mabidi anasawazisha. Na tangu hapo, zaidi ya nusu saa nzima, Sétif ni mabingwa wakiwa kwenye sare, na goli moja tu la Vita lingewavua taji. Ubao unasema 1-1, yaani hakuna anayeongoza, ila timu moja inapoteza muda kwa kila kona na nyingine inakimbia kama imefiwa. Mtu asiyeijua kanuni angewashangaa wote wawili.

Iliisha hivyohivyo. Jumla 3-3, Sétif mawili ugenini dhidi ya moja la Vita. Hesabu mechi zao nne za mwisho: walishinda moja, wakafungwa moja, wakatoka sare mbili. Hao ndio mabingwa wa Afrika, na wa kwanza kutoka Algeria tangu mashindano yaitwe Ligi ya Mabingwa. Sioni wizi hapo. Walifunga manne kwenye ardhi ya Kongo ndani ya mechi mbili, na ni wageni wachache wanaotoka Lubumbashi na Kinshasa na hesabu hiyo.

Hao hao Sétif walikuwa wamekwishaonja upande wa pili wa panga, na aliyeushika alikuwa Simba. Mwaka 2012, Kombe la Shirikisho, Simba walishinda 2-0 Dar es Salaam. Kule Sétif wenyeji wakafika 3-0, wakawa wamepita. Dakika za mwishoni Emmanuel Okwi akafunga. Matokeo 3-1, jumla 3-3, Simba wana moja la ugenini na Sétif hawana. Waliofungwa wakashangilia, washindi wa mechi wakatoka mashindanoni.

Klabu nyingine za Algeria zimefikia fainali na hazikufika hata kwenye mlango wa kanuni. USM Alger 2015 waliruhusu mawili nyumbani mbele ya Mazembe, 2-1, na mkondo wa pili wakapigwa 2-0. MO Béjaïa 2016 walitoka 1-1 na Mazembe hao hao kule Blida, kisha 4-1 Lubumbashi.

Kwenye makundi mambo ni tofauti, na hapa watu huchanganya. Februari 24, 2024, Yanga waliifunga CR Belouizdad 4-0 kwa Mkapa na kwenda robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kule Algiers walikuwa wamefungwa 3-0. Kundi lilipoisha timu hizo mbili zilikuwa na pointi nane kila moja, na kundini CAF huangalia kwanza matokeo ya waliolingana wenyewe kwa wenyewe: pointi, kisha tofauti ya mabao. Kila mmoja alikuwa ameshinda mara moja, na Yanga wakapita kwa 4-3. Hatua ya mabao ya ugenini huja baadaye, na haikufikiwa.

Ulaya waliifuta kanuni hii mwaka 2021. Hoja yao ilikuwa kwamba faida ya kucheza nyumbani imepungua, na kwamba mwenyeji ndiye siku hizi anaogopa kushambulia, akihofia kufungwa goli litakalompa mgeni faida kubwa. Afrika imebaki nayo. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya Mei 2024 iliamuliwa nayo: Zamalek walifungwa 2-1 na RS Berkane kule Morocco, wakashinda 1-0 Cairo, namba zilezile za JS Kabylie wa 2001. Berkane wenyewe walifika pale kwa kumpita bingwa mtetezi, USM Alger, kwenye nusu fainali ambayo haikuchezwa. Jezi za Berkane zilikuwa na ramani ya Morocco iliyojumuisha Sahara Magharibi, eneo ambalo Algeria haikubali kuwa la Morocco, zikazuiwa Algiers, Berkane wakapewa ushindi wa 3-0 mezani, na marudiano Waalgeria wakagoma kucheza. Kombe walilolitwaa Algiers kwa hesabu za ugenini likatoka mikononi mwao bila mpira kuguswa.