Hawakuachwa huru: kitenzi kinachonitibua kila Jumamosi

Jumamosi iliyopita, tena. Nawaongoza wageni, tumesimama Medford, nje kidogo ya Boston, Marekani, mbele ya jengo walimolala watumwa wa familia ya Royall. Nimeeleza kwa dakika ishirini nzima, koo limekauka, na mzee mmoja wa kwetu, mtu na heshima zake, ananiambia kwa upole: "Lakini mwanangu, huku kaskazini si waliwaacha huru wenyewe? Utumwa ulikuwa kule kusini kwenye pamba."

Nikameza mate. Mzee hajibiwi barabarani mbele za watu. Namjibu hapa.

La kusini na kaskazini nalipita mbio. Massachusetts iliuingiza utumwa katika sheria zake mwaka 1641. Akina Royall peke yao, wenye fedha za miwa ya Antigua, walimiliki hapo Medford watu zaidi ya 60. Na pamba hiyo ya kusini ilifumwa viwanda vya huku, ikapakiwa merikebuni Salem, ikateremshwa Unguja kwa jina la merikani. Bibi wa bibi zetu waliivaa. Yametosha.

Kinachonitibua ni hicho kitenzi. "Waliachwa huru." Aliyetenda hatajwi, na anayetajwa kakaa kimya kama gunia linalosubiri kuteremshwa. Zamani nilijaribu kukisahihisha kwa "walijikomboa", nikaona nako nimeteleza. Kwetu unakomboa kitu kilichowekwa rehani: unatoa fedha, unapewa chako. Bett, mtumwa wa John Ashley wa hapa Massachusetts, hakutoa hata senti. Alidai.

Sheffield, magharibi mwa jimbo, ipo nyumba ya Ashley huyo. Mwongozo wa kawaida huwapandisha wageni ghorofani kwanza, kwenye chumba walimoandikia waheshimiwa tamko lao la mwaka 1773 kwamba binadamu wote ni sawa na huru. Mimi naanzia jikoni. Huko inasimuliwa kwamba bibi wa nyumba aliinua sepetu ya moto ampige msichana mwingine mtumwa, Bett akakinga mkono, akabaki na kovu ambalo hakulificha maisha yake yote. Mwaka 1781, baada ya katiba mpya ya jimbo kutamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, alimwendea wakili Theodore Sedgwick akamtaka amshtaki bwana wake. Mwenzake Brom aliunganishwa naye katika kesi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wageni huanza kuangalia simu. Kesi ilifunguliwa kwa hati ya kurudisha mali iliyozuiliwa isivyo halali. Hati hiyo ilikuwa ya mambo kama ng'ombe wako aliyefungiwa zizini kwa jirani. Sherifu akaenda kwa Ashley: watoe hawa, huna haki ya kuwashika. Ashley akakataa, akasema ni watumishi wake wa maisha. Ikabidi athibitishe mahakamani, na mwezi Agosti, pale Great Barrington, jopo la wazee wa mahakama likasema si wake. Akaamriwa kuwalipa shilingi 30, na gharama za kesi juu. Ashley akakata rufaa, kisha akaiacha. Bett akajiita Elizabeth Freeman, na alipoombwa arudi kwa Ashley kwa mshahara, akakataa. Sasa niambieni: katika hadithi hii, aliyeacha ni nani?

Ndiyo, kuna ninayoyatilia shaka. Freeman hakujua kuandika. Habari zake nyingi, pamoja na ile ya sepetu, tumezipata kwa binti wa wakili huyo huyo, aliyelelewa mikononi mwa Freeman na kumpenda. Mapenzi hupamba. Ndiyo maana nasema "inasimuliwa", na watoto hunikasirikia.

Vilevile jimbo halikutunga sheria ya kufuta utumwa. Kesi za Quock Walker, mtumwa mwingine aliyedai uhuru wake, hadi 1783, ziliuondolea kinga ya mahakama tu. Sensa ya 1790 iliandika watumwa sifuri. Sifuri hiyo mimi siiamini sana. Karani aliandika alichoambiwa na mwenye nyumba.

Kitenzi cha pili ni "waliisha", wanachosemewa wenyeji wa ardhi hii. Wapequot, kabila mojawapo la wenyeji hao, walioshindwa vitani mwaka 1637 walipakiwa merikebuni wakauzwe visiwa vya Karibi, na mwaka 1638 merikebu Desire ikarejea kutoka huko na Waafrika. Safari moja, biashara moja. Paul Cuffe alikuwa mtoto wa pande zote mbili: baba yake Kofi, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, mama yake Mwampanoag, kabila jingine la wenyeji. Mwaka 1780 yeye na wenzake sita waliliandikia jimbo: hatupigi kura, basi kodi ya nini? Wakakataliwa. Na Wampanoag wa Mashpee wapo hadi leo. Wao wana wasimulizi wao, na mara nyingi najiuliza kama hapa nisikae kimya niwapishe. Kwa hiyo mimi huwapeleka wageni kwao wenyewe.

Mzee wangu akaniuliza jambo moja zaidi, na hili lilikuwa swali zuri. Tulikuwa tumefika kwa Belinda, aliyenyakuliwa mdogo karibu na mto Volta, akawatumikia akina Royall miaka hamsini. Mwaka 1783, bwana wake akiwa ameshakimbilia Uingereza, aliliomba bunge la jimbo limlipe kutokana na mali aliyoichuma kwa mikono yake. Chini ya ombi kuna alama yake, msalaba. Akapangiwa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka.

"Walimlipa?" mzee akauliza.

Mwanzoni. Kisha malipo yakakatika, akaandika ombi jingine, na jingine. Miaka kumi baadaye bado alikuwa akiwagongea mlango.